Dawa ya Bomba Hutangulia Gesi

"Dawa ya bomba hutangulia gesi." Vijana wanagenzi wa kiwanda cha gesi walikuwa wamekemewa kwa maneno hayo asubuhi ile, na walipokaa kunywa chai wakamuuliza Bi Somoe, mwalimu wao, ni nani aliyeyasema kwanza. Bi Somoe alijimiminia chai, akabaki na kikombe mkononi. Kisha akawaambia kwamba methali hii ilianza hivi, na ilianza kwake.

Siku hizo Somoe alikuwa na miaka ishirini na sita, mwendeshaji wa vali katika kiwanda kidogo huku huku kusini. Gesi ilitoka kisimani chini ya bahari, ikapita ndani ya bomba lililolala kwenye maji baridi ya kilindini, ikafika nchi kavu kuwasha umeme wa mji mzima. Gesi hiyo haiji peke yake, huja na maji. Bomba likipoa, gesi na maji hushikana kwa nguvu ya mgandamizo na kuwa kitu kama barafu, na barafu hiyo huziba bomba kama kizibo cha chupa. Ndiyo maana kila baada ya kufunga kisima kwa matengenezo, fundi mzee Chikoti, ambaye Somoe alimwita Babu, alisukuma kwanza ndani ya bomba, kwa saa mbili, methanoli, kemikali inayozuia barafu hiyo. Wao waliiita dawa. Hakuna aliyegusa vali kabla Chikoti hajasema kwenye redio ya upepo, "Dawa imefika."

Siku ya mkasa, mji ulikuwa umekaa gizani siku tatu. Simu za wakubwa hazikukoma. Chikoti aliwasha pampu ya dawa saa nne kamili. Saa nne na nusu Somoe akaita.

"Babu, vipi?"

"Bado. Saa sita."

"Saa sita! Wewe Babu hata chai unaipooza mara mbili ndipo uinywe."

"Na ulimi wangu haujaungua hata siku moja. Subiri, mwanangu."

Simu ikalia tena. Mkubwa wa zamu aliuliza kama Somoe amelala. Somoe akajiambia kwamba dawa itaikuta gesi njiani, na saa nne na dakika arobaini akafungua vali. Taa za mji ziliwaka. Watu walishangilia hadi kiwandani wakasikika. Kabla ya adhuhuri zikazimika. Bomba lilikuwa limeziba.

Kuyeyusha kizibo kile hakukuwa kazi ya haraka. Mgandamizo ulibidi upunguzwe pande zote mbili, kidogo kidogo, maana ukipunguzwa upande mmoja kizibo huruka kama risasi na kupasua kila kilicho mbele yake. Siku kumi na tisa mji ulikaa gizani, kwa sababu ya dakika themanini ambazo Somoe hakuzisubiri.

Kisha wakubwa wakawaita wote wawili mbele ya meza.

"Nani aliruhusu vali ifunguliwe?"

Somoe alijua jibu. Akasema, "Niliambiwa dawa imefika."

Chikoti alimtazama. Hakubisha, hakupaza sauti. Alisema tu, "Mimi sikusema hivyo," na hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa ruhusa ilikuwa kazi yake. Wiki ile ile alifukuzwa kazi, akarudi kwao Newala, baada ya miaka kumi na minne ambayo bomba lake halikuwahi kuziba.

Miezi miwili Somoe hakupata usingizi wa maana. Mwishowe akaandika barua ya kukiri, akapanda nayo Newala. Alimkuta Chikoti akipogoa mikorosho. Alimpa barua kwa mikono miwili. Mzee akaisoma hadi mwisho, akaikunja, akamrudishia.

"Wapelekee. Ni vyema wajue."

"Watakurudisha kazini, Babu."

"Mahali pangu pana mtu. Na watu wa huku wameshanijua kuwa ndiye niliyezima taa za mji." Akapogoa tawi jingine. "Maneno haya, Somoe, yalikuwa dawa siku ile mezani. Leo yamekuta barafu. Dawa ya bomba hutangulia gesi, haiifuati."

Barua ilipelekwa, na jina la Chikoti likasafishwa kwenye karatasi. Kiwandani hakurudi tena.

Bi Somoe aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa imepoa bila kuguswa. Vijana walikuwa wameinamisha vichwa. Mmoja wao, Nambunga, akasimama polepole.

"Bi Somoe, kile kipimo cha dawa cha asubuhi... nilikiandika bila kwenda kukisoma."

"Bomba limefunguliwa?"

"Bado. Saa nane."

"Basi unangoja nini hapa? Kawaambie!"

Nambunga alitoka mbio, viatu vyake vizito vikigonga sakafu. Bi Somoe alimsindikiza kwa macho hadi akapotea nyuma ya matangi, akasema kwa sauti ndogo, kama anayemjibu mtu wa mbali: "Dawa ya bomba hutangulia gesi."