Utando Uliokauka Upande Mmoja

Nimetumiwa kisa hiki, nami nimeshindwa kukaa nacho peke yangu.

Fundi Mrindoko alikuwa akitengeneza mitambo inayozalisha umeme kwa gesi ya hidrojeni. Mama yake mzazi alikuwa amepooza, na kwa miaka mingi mkewe, Nakunda, ndiye aliyemwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani.

Asubuhi moja Nakunda alimwambia, "Baba Elinami, naomba wiki mbili nikapumzike kwetu."

"Na mama nimwachie nani? Mbona siku zote unaweza?"

Nakunda akauweka kando mkoba aliokuwa ameanza kuupanga. Fundi akashika njia kwenda zahanati ya mlimani, ambako mtambo ulikuwa ukizimika na watoto njiti walikuwa wakikosa joto.

Alipoufungua, akamwonyesha msimamizi, Bwana Kiangi, utando mwembamba ulio katikati yake. Upande mmoja ulikuwa umelowa chepechepe, wa pili umekauka.

"Gesi ipo, maji yapo. Sasa unazimika kwa nini?" akauliza Kiangi.

"Chembe za hidrojeni hazipiti kwenye utando mkavu. Na kila inayovuka huondoka na maji. Upande unaotoa ndio unaokauka, kwa hiyo likawekwa bomba la kuurudishia maji hayo. Nani kalifunga?"

"Mimi. Niliona umeme unawaka vizuri tu, nikajua utando hauyahitaji hayo maji."

Fundi akapandwa na hasira. "Kwa kuwa haukulalamika, ndiyo ukadhani hauchoki? Na kama ungepasuka? Utando ukishapasuka, hata uumwagie mto mzima hauponi."

Maneno yale yalipomtoka, yakamrudia mwenyewe. Akafungua bomba, akasubiri mpaka taa za joto za watoto zikawaka sawasawa, akaaga bila kunywa chai aliyoandaliwa.

Nyumbani alimkuta Nakunda akimlisha mama uji. Mkoba wake ulikuwa umesharudishwa juu ya kabati. Fundi akaushusha, akaanza kupanga kanga za mkewe ndani yake, moja moja, akizikunja vibaya. Kisha akalipokea bakuli la uji.

"Nenda kwenu, Mama Elinami. Mimi nitabaki na mama." Akachota uji kwa kijiko. "Au nimechelewa?"

Machozi yakamtiririka Nakunda.

"Hujachelewa," alisema. "Lakini ulikaribia."

Funzo: Asiyelalamika si kwamba hachoki. Anayekubebea mzigo kila siku, mrudishie maji kabla hajapasuka.