Kapu la Mama Odette

Waliosema usitukane wakunga na uzazi ungalipo hawakuwa wakiwatetea wakunga peke yao. Naamini walikuwa wakimwonea huruma mtukanaji. Mkunga ukimtukana leo, kesho anaamka na mikono yake ileile. Ni wewe utakayeshikwa na uchungu, uanze kuulizia njia ya kwenda kwake na aibu imekujaa usoni. Mwenye kubisha na amsikilize Serge, mwana wa Bukavu aliyekulia Durban, akajaliwa kupata kazi Ujerumani, na huko ulimi wake ukamponza.

Serge na dada yake Antoinette walilelewa na mzee Honoré, mjane mcha Mungu aliyekuwa akiongoza sala za Kiswahili katika parokia moja ya Durban, jirani na Greyville. Mzee huyo alipofariki, wanawe hawakuwa hata na pesa ya jeneza. Wanajumuiya ndio waliomzika. Walichanga, wakapika, wakakaa na yatima hao katika fleti yao ya Albert Park, kwenye jengo ambalo lifti yake hufanya kazi inapojisikia. Aliyezunguka na kapu la mchango siku hizo alikuwa Mama Odette, Mrundi, msusi wa nywele na kiongozi wa jumuiya yao. Kapu lenyewe lilikuwa la Kizulu, la kusukwa kwa mkono. Mshikio wake ulipokatika, Mama Odette aliushona kwa nywele za bandia zilizobaki saluni, nyeusi na nyekundu, nalo likaendelea na kazi.

Miaka ikapita, Serge akaenda zake Ujerumani. Alipofika alikwenda kujiandikisha katika ofisi ya mji, na karani akamuuliza dini yake. Mtu aliyepita katika kambi ya wakimbizi anajua kwa nini huulizwa dini: ni ili wajue watakuzika vipi. Serge akatoa kifua mbele. "Mkatoliki," akasema, "tena wa kuzaliwa!" Karani akaandika, akamshukuru.

Mshahara wa kwanza ulipoingia, ulikuwa umemegwa. Serge alipouliza, wenzake kazini walimweleza kwamba huko serikali huyakusanyia makanisa kodi. Ukishajitaja kuwa Mkatoliki, fungu la kanisa hukatwa kabla mshahara haujakufikia. Lahaula! Serge alikasirika kama mtu aliyeporwa simu. Tusimsingizie, hakuwa bahili. Kwao sadaka hutoka mfukoni kwa mkono wa mwenyewe. Unaikunja, unaitumbukiza, unarudi kukaa ukiwa mwepesi. Hii ya kukatwa bila kuulizwa ilimchoma moyo.

"Si uende ofisini useme umetoka?" mwenzake mmoja alimshauri. "Ukitia sahihi tu, kodi inakoma."

Serge akaenda wakati wa chakula cha mchana, akatia sahihi, akarudi kazini akipiga mluzi. Akilini mwake alikuwa ametoka kwenye kodi, basi. Jumapili iliyofuata alikwenda misa kama kawaida na kuimba kuliko wote. Hakuna aliyemwambia kwamba huko, ukiiambia serikali umetoka, serikali hulijulisha kanisa, na kanisa hukuhesabu kuwa umetoka kweli.

Laiti angenyamaza hapo! Lakini furaha ilimpanda kichwani. Alishika simu akatuma ujumbe wa sauti katika kundi la familia, ambamo Mama Odette naye alikuwamo tangu siku za msiba.

"Jamani, nimejikomboa!" alitangaza. "Huku walikuwa wananikata kodi ya kanisa, nimewaambia kwaheri. Nanyi huko Durban amkeni! Kila Jumapili Mama Odette anawapitia na kapu kama mchuuzi wa nyanya, nanyi mnatoa tu. Mwambieni huyo Mama Kapu, Mungu wangu mimi hana kapu. Kanisa silihitaji tena, hata la kunizika!"

Wengine walicheka. Antoinette aliandika, "Kaka, ulimi huo utakuponza." Mama Odette alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika maneno mawili: "Ubarikiwe, mwanangu."

Haukupita muda mrefu, Mungu akamkumbuka Antoinette. Alikuwa ameolewa na Doudou, fundi simu, na nyumba yao ilikuwa imengojea mtoto hadi majirani wakaacha kuuliza. Akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuamsha ghorofa nzima. Wakamwita Honoré, jina la babu yake. Antoinette akampigia kaka yake simu huku analia.

"Parrain ni wewe," alimwambia. "Baba hayuko. Kama si wewe wa kumbeba mtoto huyu mbele ya altare, ni nani?"

Serge naye alilia. Kuwa baba wa ubatizo wa Honoré mdogo kulikuwa kwake sawa na kumrudishia marehemu baba yake mkono. Akanunua kanzu nyeupe ya mtoto na mshumaa mrefu, akaomba likizo, akapanda ndege. Alipofika Albert Park na kumpakata mpwa wake, hakutaka kumwachia mtu, hata mtoto alipomlowesha shati.

Ijumaa, siku mbili kabla ya ubatizo, walikwenda kuonana na Padri Nzeyimana. Huyu alikuwa padri mpole wa Kirundi, mtu wa kucheka kabla hajamaliza mzaha wake mwenyewe.

"Serge," padri aliuliza, "huko Ujerumani unasali parokia gani? Nataka nimsalimie paroko wako."

Serge akaona hapa ndipo pa kusimulia ujanja wake. Akaeleza yote: karani, kodi, ofisi, sahihi. Alimalizia kwa kupiga goti lake kofi. Hakuna aliyecheka. Padri alikuwa ameinama, akisugua paji la uso.

"Mwanangu, nilisoma huko," alisema hatimaye. "Ile sahihi haikukutoa kwenye kodi peke yake. Ilikutoa kanisani."

"Hapana, Padri! Mimi nilitoka kwenye kodi. Kwa Mungu sikutoka hata siku moja!"

"Nakuamini. Moyo wako naujua. Lakini baba wa ubatizo ni mtu wa kumshika mtoto mkono amwingize nyumbani. Utamwingizaje, nawe umesimama nje?"

Serge alihisi mikono yake mizito, nayo ilikuwa bado imembeba mtoto.

"Njia ya kurudi iko," padri aliendelea kwa upole. "Unasema nia yako mbele ya mashahidi, namwandikia askofu wa huko, naye anakupokea. Ila majibu hayawezi kufika kabla ya Jumapili. Halafu unajua desturi yetu hapa. Hakuna sakramenti inayopita bila neno la kiongozi wa jumuiya. Shahidi wa kwanza lazima awe Mama Odette."

Serge akafumba macho. Kati ya watu wote wa Durban!

Walipotoka nje Antoinette alitangulia hadi kwenye robot, zile taa za barabarani. Taa ikawa ya kijani, watu wakavuka, yeye akabaki palepale.

"Nimemngojea mtoto huyu mpaka nikachoka kungojea," alisema, machozi yakimtiririka. "Nikasema, angalau kaka yangu atambeba. Wewe ukaenda kutupa nafasi hiyo wakati wa chakula cha mchana! Basi tutaahirisha. Hata mwaka, nitakungojea."

Serge alimtazama dada yake, akamtazama mtoto aliyelala bila habari. Moyo ulimuuma hasa. "Hapana," akasema. "Kosa ni langu. Honoré asikalishwe mlangoni kwa sababu yangu. Abatizwe Jumapili. Kuna mtu nitakwenda kumwomba anishikie nafasi."

Alimkuta Mama Odette saluni, vidole vikikimbia juu ya kichwa cha mteja mmoja, Ernestina, mama wa Msumbiji. Serge alisimama mlangoni akikunja na kukunjua kofia yake.

"Eish! Wa Ulaya huyo!" Mama Odette alisema bila kuinua macho. "Umekuja kununua nyanya?"

Ernestina alicheka mpaka msusi akamwambia atulize kichwa. Serge alitamani ardhi immeze.

"Mama Odette, nimekuja..."

"Keti. Chukua nywele hizo, unipe fungu moja moja, tena sawasawa. Mikono ikifanya kazi, mdomo hupata adabu."

Serge akaketi. Akawa anachambua nywele za bandia na kumpa fungu moja moja, huku akieleza alichofanya Ujerumani, alichoambiwa na padri, na jinsi dada yake alivyolia barabarani. Mwisho akasema, "Na yale maneno niliyotuma, Mama, naomba unisamehe. Nilikutukana wewe uliyemzika baba yangu."

Vidole vya Mama Odette vilisimama. "Unajua kilichoniuma? Si hayo ya nyanya. Nyanya ni biashara ya halali. Kiliniuma pale uliposema hutaki kanisa hata la kukuzika. Nilijiuliza, huyu mtoto huko kwenye baridi, siku akianguka, nani atampitishia kapu?"

Nywele zilimponyoka Serge mkononi.

"Ziokote, zina bei hizo," Mama Odette alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Sikiliza. Mama yangu alikuwa mkunga kule Ngozi. Wanawake waliomsengenya kisimani ndio hao hao waliokuja kumgongea. Sikumwona hata mara moja akiuliza, wewe si ndiye uliyesema hivi? Alivaa viatu, akatoka. Basi kesho twende kwa padri, nitakutolea ushahidi."

"Na Jumapili, Mama? Nani atambeba Honoré?"

"Unaniomba mimi?"

"Nakuomba wewe. Uwe mama yake wa ubatizo."

Mama Odette akajifuta macho kwa mkono wenye mafuta ya nywele, jambo ambalo lilimfanya alie zaidi, na Ernestina akalazimika kumtafutia kitambaa.

Jumamosi Serge alisema nia yake ya kurudi mbele ya padri, na Mama Odette akamtolea ushahidi kama alivyoahidi. Jumapili kanisa lilijaa. Mama Odette alivaa kitenge chake cha sherehe, akampakata Honoré katika ile kanzu nyeupe iliyotoka Ujerumani, akasimama kati ya Antoinette na Doudou. Serge alikaa benchi la pili, peke yake, akilinda mfuko wa nepi.

"Nani anasimama na mtoto huyu?" aliuliza Padri Nzeyimana.

Miguu ya Serge ikainuka yenyewe. Kisha akakumbuka, akaketi tena polepole. Alisikia Mama Odette akijibu, "Ni mimi," na maji yakamwagika, na Honoré akapiga kelele iliyowafurahisha wote. Serge alifurahi kwelikweli, na alilia kwelikweli. Nafasi ile aliingojea kuliko kitu chochote, naye alikuwa ameiona ikipita mbele ya macho yake, karibu kabisa, nusura aiguse.

Wakati wa sadaka ulipofika kukawa na tatizo. Mwenye kapu alikuwa na mtoto mikononi, na mtoto amelala. Mama Odette aligeuka nyuma, akatafuta kwa macho, akamwona.

"Serge," alimwita kwa kidevu. "Kapu."

"Mimi, Mama? Si niko nje bado?"

"Kapu halihitaji jibu la askofu. Linahitaji mikono. Inuka."

Akainuka. Alilishika kwenye ule mshikio wa nywele nyeusi na nyekundu, akapita nalo benchi kwa benchi. Ule ujumbe wa simu ulikuwa umeshasambaa, na wote waliousikia walimjua. Mmoja akanong'ona, "Tazameni, Baba Kapu!" na kicheko kikasafiri safu nzima, kicheko cha watu wanaokupenda. Serge akacheka nao huku machozi yakimdondoka. Alipofika mbele alitia mkono mfukoni, akakunja sadaka yake na kuitumbukiza mwenyewe. Wepesi ule wa zamani ukamrudia.

Alipomkabidhi Mama Odette kapu, mama yule alimvuta sikio kidogo, kama anavyovutwa mtoto.

"Usihuzunike," alimnong'oneza. "Huyu atakua, atahitaji msimamizi wa kipaimara. Mimi nitakuwa mzee. Kamalizie safari yako ya kurudi nyumbani, na nafasi hiyo nitakutunzia."

Serge alimbusu mpwa wake kwenye paji la uso, ambalo lilikuwa bado na unyevu wa maji ya ubatizo. Siku mbili baadaye alipanda ndege akiwa na barua ya padri mfukoni na adabu mpya mdomoni. Na kila anapotaka kutuma neno la kejeli katika lile kundi la familia, Antoinette humjibu kwa picha ya kapu tu, naye hunyamaza mara moja, kwani sasa anajua bila kufundishwa na mtu: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.