Ufunguo Mikononi mwa Mtani

Hapo zamani, lakini si ile zamani ya mababu, maana bima zilishakuwepo, Tausi na kaka yake Mkude wa Morogoro walimiliki gari moja dogo. Tausi alilitumia kusambaza mikate yake madukani. Bila gari, hana biashara. Walilikatia bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe, na masharti yalisema hivi: wanaokingwa ni Tausi, Mkude, na yeyote anayeendesha kwa ruhusa yao wote wawili.

Basi, wakafiwa na mjomba. Msibani akafika Mihayo wa Tabora, mtani wao, na watani mnawajua. Akavaa kanzu ya marehemu, akalia kwa sauti kwamba pilau haina nyama, kisha akachomoa ufunguo mfukoni mwa Mkude.

"Gari hili nimelirithi," akasema. "Marehemu aliniachia mimi."

Mkude alicheka mpaka akakaa chini.

Tausi alikuwa jikoni, akasikia. "Mihayo, ukiligusa gari langu nitakuzika pamoja na mjomba."

Jiko zima likaangua kicheko. Si ndivyo mtani anavyojibiwa?

Mihayo akaliwasha gari, akaenda kuwachotea wafiwa maji, mtu mwema jamani. Leseni anayo, ila breki alizikumbuka amechelewa. Akaliparamia lango la jirani, pua ya gari ikabonyea kama sufuria ya shughuli.

Mama wa bima akaja, akauliza, "Huyu alipewa ruhusa?"

Mihayo akajibu, "Mtani haombi, mama. Ningeomba, ningekuwa nimewavunjia heshima."

Mkude akasema, "Mimi nilicheka. Kwetu, ukimchekea mtani umeshampa."

Tausi akapiga hesabu moyoni. Siku ile kule jikoni hakutania hata kidogo, gari lake lilimuuma. Akisema kweli, bima hailipi, mikate inalala, na mtani kwa mila hadaiwi.

"Na wewe, dada," mama wa bima akamgeukia, "yale maneno ya jikoni yalikuwa utani?"

"Hapana," Tausi akasema, na machozi yakamlenga. "Nilikataa. Lakini ningekataa kwa maneno gani, mtani akanielewa?"

Mama wa bima akafunga mkoba wake. Haya, nyie mnaocheka hapo nyuma, jibuni nyie. Mihayo alichukua kwa haki ya utani, Mkude alicheka, Tausi alikataa na kila mtu akasikia ndiyo. Je, gari la Tausi nani alitengeneze: bima, kaka, au mtani?