Siku Sultani Muhtari Alipopiga Marufuku Viraka

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Muhtari, mwenye macho laini mno. Macho hayo, maskini, yalikuwa yakiumia kila yakiona kiraka. Njaa za watu hayakuziona, nyumba zilizoezuliwa hayakuziona, lakini kiraka kwenye goti la mchukuzi kiliweza kumnyima bwana huyu hamu ya chakula kutwa nzima.

Basi ikapigwa mbiu: nguo zote kuukuu zichomwe moto uwanjani siku ya Ijumaa. Atakayekutwa na nguo kuukuu baada ya hapo atafukuzwa mjini. Kila mtu avae mpya. Na kwa bahati tu, mwenye maduka yote ya nguo mjini alikuwa waziri wa sultani. Bahati, nasema. Msinitazame hivyo.

Watu wakachoma. Sultani, kwa kutaka kuwa mfano mwema, alianzia nyumbani kwake. Makasha ya jumba lake yakakombwa yote, hata zile kanga laini ambazo wanawake walikuwa wakizifua na kuziweka tangu mke wa sultani aliposhika mimba. Walipojaribu kusema neno, waziri akawaambia wasimchoshe bwana kwa mambo ya jikoni.

Mtu mmoja tu hakuchoma. Huyo ni Mwanatumu, mjane, fundi wa viraka. Kwake nguo haikufa, ilibadilisha kazi. Kanzu ikichoka aliikata shati la mtoto. Shati likichoka likawa mfuko wa mchele, mfuko ukitoboka ukawa dekio, na dekio likishindwa kudeki alilisokota utambi wa taa. Alikuwa na furushi la kanga kuukuu. Akalitia ndani ya pipa, akamwagia mtama juu. Askari wakaja, wakamwaga mtama.

Ndiyo ikawa Mwanatumu yuko barazani kwa sultani, furushi mbele yake, na mji mzima nyuma yake umevaa kitambaa kipya cha marekani, kigumu kwa wanga, na unajikuna. Aliogopa sana. Kile kibanda cha makuti ndicho alichoachiwa na marehemu mumewe, na nje ya mji hakuwa na hata shangazi wa kumpokea. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: akiogopa, ulimi humwasha.

"Nini hii?" akauliza sultani, kajiziba pua.

"Kanga, Maulana. Nilizifua jana. Pua yako iko salama."

"Ni taka!"

"Ni taka, Maulana. Ndiyo maana nikashangaa kuona askari sita wamezibeba kwa heshima namna ile."

"Hukuisikia mbiu?"

"Niliisikia. Ilipita mara tatu. Tena pembe yenyewe ni ya babu yako, ina nyufa mbili zimezibwa kwa nta. Nikadhani amri haigusi vitu vya wenyewe."

Waziri akaruka. "Maulana, mwanamke huyu ana dharau!"

"Dharau nitaitoa wapi, Bwana Waziri? Siku hizi kila kitu kinauzwa dukani kwako."

Watu wakaanza kukohoa. Mji mzima ulishikwa na kikohozi kwa pamoja, jambo la ajabu.

"Kimya!" sultani akafoka. "Wewe mwanamke, utoke mjini kabla ya adhuhuri, wewe na furushi lako!"

 Mwanatumu akainama kulibeba furushi lake, na machozi yalikuwa karibu. Hapo hapo mkunga akatoka ndani mbio, miguu mitupu.

"Maulana! Mtoto wa kiume!"

Sultani akasimama, uso umemjaa furaha.

"Lakini hatulii," mkunga akasema. "Tumemfunga kanga mpya, ina wanga, ngumu kama ngozi ya ngoma. Imemchubua mapaja na kumtia rangi nyekundu. Tukamfunga hariri. Akakojoa, mkojo ukateleza wote ukaishia mapajani kwa mama yako. Nataka kanga kuukuu, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Jumbani haipo. Mjini haipo."

Macho yote yakaligeukia furushi.

"Lete hapa," sultani akasema.

"Nilete nini, Maulana?"

"Hizo... hizo kanga."

"Hizi taka?" Mwanatumu akalikumbatia furushi. "Astaghfirullahi! Mtoto wa sultani afungwe taka? Halafu mimi nimeshafukuzwa. Adhuhuri inakaribia, na mimi ni mtu wa kutii amri."

"Nakuamuru ulifungue!"

"Nikilifungua, mwanao atakutwa na nguo kuukuu. Na mbiu ilisema wazi, atakayekutwa nayo anafukuzwa mjini. Sasa, Maulana, njiani nimbebe mwenyewe, au utatupa yaya?"

 Kutoka ndani kilio cha mtoto kikasikika mpaka barazani, kikali, cha mtu anayechunwa. Uso wa baba ukasawijika. Waziri akajitia kuitazama dari.

"Unataka nini?" sultani akauliza, sauti imeshuka.

"Kibanda changu na sindano yangu. Ile amri ifute."

"Siwezi! Nikilifuta neno langu leo, kesho nani atanisikiliza?" Alikuwa karibu kuomba.

"Nani kasema ulifute? Neno lako ni zima, Maulana, limetoboka mahali pamoja tu. Lilete nilitie kiraka."

"Kiraka gani?"

Mwanatumu akaanza kulegeza fundo la furushi.

"Tangaza hivi: nguo kuukuu ni marufuku mjini kwa kila mtu, isipokuwa aliyezaliwa uchi."