Jodari wa Mkwe

Hapo zamani, nanyi mliosogea karibu na sufuria sikilizeni vizuri, mji mmoja wa pwani ulikuwa na desturi yake: mwanamume akishaoa, humpelekea mama mkwe jodari mzima. Lakini kwanza humpitisha samaki huyo mlango kwa mlango, watu wamwone.

Faki alimuoa Bikombo, binti wa Bi Mize. Akanunua jodari mnene asubuhi na mapema. Muuzaji akampa barafu, Faki akakataa. "Nikimfunika, watamwonaje?" Akamzungusha mji mzima juani, anasifiwa, kichwa kinavimba. Kwa wakwe alifika adhuhuri.

Jikoni alikuwapo Riziki, shangazi wa Bikombo. Alimbonyeza jodari akakuta nyama imelegea. Kunuka hakunuka, ila imelegea. Akamkamulia ndimu, akamtia siki, akamkaanga mpaka akakauka. "Hakuna kinachoushinda moto," alisema.

Kipande cha kwanza, kama ada, alipewa Bi Mize. Akatafuna. Ulimi ukamwasha kama pilipili, na pilipili haikutiwa. Alijua maana yake, maana marehemu mama yake alimfundisha: samaki akikuwasha ulimi, mteme. Akatemea kwenye pembe ya kanga. Kisha akamwona mkwe wake anavyotabasamu, akaona haya kumuumbua. Akanyamaza.

Bikombo alikula kwa raha zake. Punde uso ukamwaka moto, mwili ukamwasha, kichwa kikamgonga, kifua kikambana. Bi Mize akapiga ukelele: "Ni samaki! Mpelekeni kwa tabibu!"

Tabibu alimtibu, akawaambia: "Sumu hii haitoki kwa moto wala kwa ndimu. Samaki huyu hutaka barafu tangu anapotoka majini."

Bikombo alipopata nafuu, wote watatu walikuja kumtazama.

"Mke wangu, mimi nilifuata desturi," alisema Faki. "Sikujua."

"Mimi nilitia shaka, mwanangu," alisema Riziki, "nikadhani nimemtengeneza."

"Mimi nilijua," alisema Bi Mize, machozi yakimtoka. "Niliogopa kuitia ndoa yako doa. Lakini ni mimi niliyepiga ukelele, ukawahi tabibu."

"Mama, chako ulitema. Changu ukaniacha nimeze?"



Bikombo akaapa: wawili atawasamehe, ila aliyemkosea zaidi hatakula naye sinia moja tena.

Haya, nyinyi mahodari wa kuhukumu: je, nani alistahili kuondoka kwenye sinia?