Makaa ya Ng'ambo

Wajukuu wa Bibi Mishi walirudi kutoka barazani, ambako majirani wawili walikuwa wamepatanishwa, wakirudia maneno waliyoyasikia huko: "Moto wa kuomba hauchomi ulikotoka." Wakamuuliza Bibi maneno hayo yametoka wapi.

"Methali hii ilianza hivi," alisema.

Zamani palikuwa na Sultani aliyepanua dola yake kwa vita. Kila jeshi lake liliposonga mbele, liliacha mlinzi mpakani. Mmoja wa walinzi hao, Mbwarali, aliachwa peke yake katika kibanda kando ya mto. Masika yalikuja yakapita bila mtu wa kumwita kwa jina.

Ng'ambo, katika nchi ya adui, aliishi mjane aliyeitwa Mbeyu. Mvua ilipozima moto wa Mbwarali, alivuka mto kwenda kuomba makaa.

"Askari mzima!" Mbeyu alimcheka. "Moto wa jikoni unakushinda, vita utaviweza?"

"Nipe makaa, mama. Matusi nitayafuata kesho."

Na kesho yake alirudi, ingawa moto wake haukuwa umezimika.

Siku moja tarishi alileta amri. Nyumba zote za ng'ambo zichomwe, adui asipate pa kujificha. Akida anakuja kukagua; akikuta nyumba imesimama, mlinzi atauawa.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imezima tena moto wa Mbwarali. Akavuka. Mbeyu alimtilia makaa kwenye kigae, akayafunika kwa majivu yasizimike njiani.

"Leo unapika nini, mwanangu?"

Mbwarali alikipokea kigae. Alirudi kibandani, akawasha moto, akabandika chungu cha mtama.

Akida alifika na askari wake, wote wameloa chapachapa. Wakaota moto, wakala. Ndipo akida alipoona moshi ng'ambo.

"Mbona nyumba ile imesimama?"

"Sikuwa na moto, bwana."

"Na huu je?"

"Huu ni wa mwenye nyumba ile. Ndio uliokukaushia nguo. Moto wa kuomba hauchomi ulikotoka."

Akida alilitazama bakuli lake tupu. Hakuamuru nyumba ichomwe, wala mlinzi auawe. Alimhamishia kwenye mpaka mwingine, mbali nyikani, ambako ng'ambo hapakufuka moshi wa mtu yeyote. Huko Mbwarali hakuuacha moto wake uzimike tena, maana hapakuwa na wa kumwomba.

Bibi Mishi akasogeza kuni jikoni.

"Moto wa kuomba," alisema, "hauchomi ulikotoka."