Foleni ya Kambi Nane

Njaa yenye haya haipangi foleni.

Neno hilo mmelisikia leo mchana kwa mzee wa kanisa, mlipokuwa mnaosha sufuria baada ya kugawa chakula. Mkacheka, mkidhani ni maneno ya mtu aliyechoka na jua. Sasa mmekuja kuniuliza limetoka wapi. Kaeni. Methali hii ina mwanzo wake, na mwanzo huo naujua vizuri, kwa kuwa upawa ulikuwa mkononi mwangu.

Wakati huo mume wangu alikuwa hai, na tulikaa Kambi Nane, ndani ya shamba la mkonge. Shamba lenyewe lilikuwa limeshafungwa. Mashine zilinyamaza, wenye nguvu wakaondoka. Wakabaki wazee waliokuja zamani kama manamba, vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Songea na Msumbiji, watu wasio na ndugu wa kuwarudia, pamoja na wajukuu walioachiwa. Mwaka ule mvua za vuli zilikataa, na za masika zikaja za kulowesha vumbi tu. Mkonge hauliwi, wanangu. Unaweza kuzungukwa na kijani pande zote na usiwe na cha kutia chunguni.

Ndipo kanisa letu na msikiti wa kambini wakakaa pamoja. Waumini wa milimani, ambako mavuno yalikuwapo, wakatuma mahindi na maharage. Wanawake sita tukapewa kazi ya kupika: asubuhi uji wa watoto, mchana makande ya watoto na wazee. Aliyetuongoza ni Bi Mwantumu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya reli. Jiko tuliliweka kwenye ghala la zamani la posho, kwa kuwa lilikuwa na paa zima na mlango mpana.

Wiki ya kwanza mtu mmoja alichukua mabakuli sita, akasema ni ya wagonjwa. Tukamkuta analisha nguruwe wake. Bi Mwantumu alikasirika mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya nguruwe. Tangu siku hiyo tukaweka sheria: kila mtu na bakuli lake, kila mtu kwa miguu yake, na mtoto ale pale pale. Asiyekuwepo mstarini hana posho. Hatukuitunga sisi. Ilikuwa sheria ya ghala lile tangu enzi za shamba. Tulikulia humo, ikatutoka mdomoni kama mtu anavyoitikia amina.

Aliyekuwa akiitamka zamani ni mnyapara Gwasa, msimamizi wa vibarua. Kila Jumamosi, siku ya posho, alisimama mlangoni na filimbi. Akipuliza mara ya tatu mlango unafungwa, hata kama umebeba mtoto aliyezaliwa juzi. Mama yangu alichelewa siku moja kwa sababu ya homa. Gwasa akamwambia, "Asiyekuwepo mstarini hana posho," akafunga. Wiki ile tulikula majani ya kunde na chumvi, na mama yangu hakurudiwa tena na nguvu zake.

Sasa Gwasa mwenyewe alikuwa mzee. Aliishi nyumba ya mwisho na mjukuu wake wa miaka saba, Veneranda, ambaye mama yake alikuwa amefariki. Siku tuliyoanza sheria yetu, Veneranda alikuja peke yake na mabakuli mawili.

"Hili la nani?" nikamuuliza.

"La babu."

"Na babu mwenyewe yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Mwambie mimi, Mama Niwaeli, nimesema, asiyekuwepo mstarini hana posho. Ataelewa."

Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja nyuma akadakia, "Na akija aje na filimbi yake!" Watu wakashika mbavu. Na mimi nilicheka, na kicheko kile kilikuwa na utamu ambao leo najua haukutoka kwa Mungu.

Zikapita wiki tatu. Kila mchana Veneranda alimaliza bakuli lake mbele yangu, kisha akaondoka bila neno. Nikimwambia, "Haya, kesho," haitikii. Nikimuuliza kama ameshiba, ananitazama tu, midomo ameikaza. Nikasema moyoni, kiburi cha babu kimehamia kwa mjukuu.

Lakini macho yangu yaliona jambo ambalo moyo haukutaka kuliona. Watoto wengine wote walianza kunawiri. Walirudia kuruka kamba, walirudia kupigana. Yeye alikula bakuli lile lile, na shingo yake ikazidi kuwa nyembamba, nywele zikapauka kama ndevu za muhindi.

Ijumaa moja nikachoka. Alipotaka kupita nikamshika mkono. "Leo huondoki hivi hivi. Sema asante."

Akatikisa kichwa.

"Fungua mdomo, useme asante!"

Macho yakamjaa machozi, mdomo haukufunguka. Akajinasua, akakimbia. Nikafunga kanga vizuri, nikamfuata. Nilikusudia kumsemea kwa babu yake, na babu mwenyewe nimpe maneno yake.

Mlango wa nyumba ya mwisho ulikuwa wazi kidogo. Nikachungulia kabla ya kupiga hodi.

Mtoto alikuwa amepiga magoti, ameinamia kisahani. Alikuwa anatoa mdomoni punje za mahindi na maharage, nzima nzima, hazikutafunwa; kumbe mbele yangu alikuwa akimeza mchuzi tu. Akazisuuza kwa maji. Juu ya kitanda cha kamba alilala Gwasa, miguu imevimba hadi inang'aa.

"Leo ni chache, babu. Alinishika."

"Meza mwenyewe, Vene. Mara ngapi nimekwambia umeze?"

"Mimi nimeshiba."

Nikasukuma mlango. Gwasa akanitambua, akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Mama Niwaeli. Kama umekuja kumpiga mtoto, nipige mimi."

"Sikuja kupiga mtu. Kwa nini hukuja, mzee? Hata kwa kushikwa mkono?"

"Siku ya kwanza nilikuwa bado natembea. Nilifika hadi kisimani. Nikawaona mmesimama pale mlangoni pangu, na kila uso niliouona niliwahi kuufungia mlango. Nikarudi."

"Haya yako inamla mtoto!"

"Najua. Kila siku namwambia ameze, hasikii." Akageuzia uso ukutani. "Mama yako alikuja na homa. Ndani kulikuwa na magunia tisa. Usidhani nimesahau."

Wanangu, sitawadanganya kwamba nilimsamehe pale. Hasira ilinipanda upya, mbichi kabisa. Nilitoka nikimwomba Mungu aniondolee. Hakuniondolea, ila miguu aliiongoza, ikanipeleka moja kwa moja ghalani.

Bi Mwantumu alikuwa anafunika sufuria.

"Nipe mabakuli mawili," nikasema.

"Ya nani? Foleni imekwisha."

"Ya Gwasa na mjukuu wake."

Wenzangu wakatazamana. Mama Hoza, aliyekuwa anachagua maharage ya kesho, akaacha. "Gwasa? Wewe, Mama Niwaeli? Kwa vile alivyomfanyia mama yako?"

"Ndiyo, mimi."

"Mwenzangu," Bi Mwantumu akasema, "mimi simchukii yule mzee. Lakini mbona hakuja kusimama kama binadamu wengine? Sisi tungejuaje kama ana njaa?"

"Tusingejua. Njaa yenye haya haipangi foleni. Hii tunayoilisha hapa bado ina nguvu za kusimama na kucheka wenzake. Ile nyingine imelala nyumbani, inalishwa punje zinazotoka mdomoni mwa mtoto."

Nikawaeleza nilichokiona. Bi Mwantumu akaketi juu ya gunia.

"Astaghfirullahi. Na mimi ndiye niliyesema watoto wale hapa hapa."

"Sawa," Mama Hoza akasema, "lakini kesho kambi nzima itakuja kusema ina haya. Na yule wa nguruwe atakuwa wa kwanza kuona haya!"

Tukacheka, maana alisema kweli. Nikamjibu, "Mwenye haya hasemi kwamba ana haya. Tutakwenda kuangalia wenyewe. Yeyote atakayekuja hapa kutuambia anaona haya, mwonyesheni mwisho wa foleni."

Bi Mwantumu akachukua upawa wangu, akachota hadi chini kwenye maharage mengi.

Nilipoyafikisha nyumba ya mwisho, Gwasa alikataa kijiko cha kwanza mpaka mtoto aanze. Basi Veneranda akaanza. Alitafuna polepole, kama aliyesahau jinsi ya kutafuna, akameza. Kisha akafungua mdomo wake wote kumwonyesha babu kwamba ndani hamna kitu. Hapo mzee akala.

Kuanzia siku iliyofuata, kabla ya kuwapakulia walio mstarini, tulitenga mabakuli, tukayafunika kwa kawa za ukindu kama jirani anavyompelekea jirani mwenzake, tukapita nyumba kwa nyumba. Neno msaada hatukulitumia. Tulisema, "Tumepika, tukawakumbuka." Tuliangalia jiko lenye majivu ya zamani. Tuliangalia mtoto asiyecheza. Kwa siku tatu tukakuta nyumba tisa. Mmoja alikuwa karani mstaafu, ambaye kila mchana alichoma majani mabichi uani ili majirani waone moshi wadhani anapika. Mwingine alikuwa bibi harusi wa juzi aliyekimbiwa na mume. Hakutaka mtu ajue, naye kwenye foleni angeulizwa mumewe yuko wapi.

Bi Mwantumu akawa anaisema ile kauli kila asubuhi kabla hatujachota, kwa sauti yake ile. Wapagazi waliotuletea mahindi wakaipeleka milimani. Mpaka leo inasemwa na watu ambao hata mkonge hawajauona.

Gwasa aliishi hadi masika ya mwaka wa pili. Hakuwahi kukanyaga mlango wa ghala, nasi hatukumlazimisha. Bakuli lake nililipeleka mimi. Wenzangu walijitolea kunipokea, nikakataa. Msamaha ulinijia bakuli kwa bakuli, na siku tuliyomzika sikuwa na neno naye. Veneranda akalelewa na Bi Mwantumu.

Basi leo mchana mliona foleni imekwisha, mkadhani na njaa imekwisha. Mimi nilikuwa nimekaa pale barazani nawatazama. Yule ajuza wa nyuma ya mashine ya kusaga hajaonekana tangu Jumanne. Na baba wa wale pacha, aliyeachishwa kazi mwezi uliopita, alipita mbele yenu mara mbili akijifanya anatafuta mbuzi. Hana mbuzi yule.

Makande yaliyobaki mmeyatia kwenye ndoo ya bluu, nimewaona. Yapasheni moto, muyafunike vizuri. Mkifika msigonge kwa kishindo, wala msiulize mtu kwa nini hakuja. Semeni mmepika, mkawakumbuka.

Nendeni sasa, kabla hayajapoa. Njaa yenye haya haipangi foleni.